Maharagwe ya Kijiko

Bustani ya Fundi Rangi ilijulikana mtaa mzima. Watu wakienda sokoni walipunguza mwendo. Wengine walisimama kabisa na mizigo yao kichwani, wakatazama, wakaguna, halafu wakaendelea na safari.

Mwenyewe alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba. Siku nzima alishinda juu ya ngazi, ovaroli yake nyeupe imejaa madoa. Na bustani yake aliipanga vivyo hivyo, kama mtu anayepaka ukuta. Alisimama getini, akafumba jicho moja, akasema, "Pale panataka nyekundu." Kesho yake analeta mmea mwekundu. Ni mmea gani? Hilo hakuuliza. Rangi ikikaa sawa, basi.

Kando ya ukuta alipanda miti ya maua ya pinki, yenye majani marefu membamba. Katikati alipanda mibarika, ile mikubwa yenye majani mekundu kama viganja vya mikono. Makopo ya rangi yaliyokwisha aliyageuza vyungu vya maua. Pembeni palikuwa na pipa la maji, limepakwa bluu nje na ndani. Halikuwa na mfuniko. Mfuniko ungeficha bluu ya ndani.

Mke wake alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa barazani, na hapo alishona huku akiwaangalia watoto wao wawili kwa jicho moja. Jicho la pili lilikuwa kwenye sindano.

Mtoto wa kwanza aliitwa Wakili. Alikuwa msichana wa miaka minane, na alibishana hata na redio. Wa pili alikuwa mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba. Huyo aliitwa Kijiko, kwa sababu hakuachana na kijiko chake cha bati. Alilala nacho, akaoga nacho.

Kijiko alikuwa mpishi. Alipika udongo, vumbi, majani na maua. Kila baba yake akirudi kazini na kukaa kwenye kigoda, sahani ilikuwa tayari. Sahani yenyewe ni kifuniko cha kopo la rangi.

"Karibu, mteja," Kijiko husema.

"Leo kuna nini, mpishi?"

"Wali na nyama."

Fundi Rangi huinua kile kifuniko mpaka mdomoni. Hutafuna hewa, mashavu yamevimba. Hujipapasa tumbo, kisha hucheua kwa nguvu mpaka kuku hukimbia. "Ah, leo chumvi imekolea," husema. Kijiko hucheka mpaka anakaa chini.

"Baba Wakili, mimi nikipika mbona hunisifii hivyo?" mke wake huuliza kutoka barazani.

"Wewe hunikaribishi kwa heshima kama huyu."

Ndivyo walivyoishi. Nyumba ya utani, bustani ya rangi. Hakuna aliyeona ubaya wowote.

Jioni moja alikuja jirani yao wa nyumba ya pili. Alikuwa mtaalamu wa kilimo, mama mwenye buti za mpira, na mtaa mzima ulimwita Bibi Shamba. Kwa kawaida wao walizungumza naye barabarani tu. Siku hiyo aliingia ndani ya geti, maana alifuata gauni lake.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, dada. Gauni lako limebaki vifungo tu," alisema Mama Wakili.

"Hivyo vifungo si ndivyo vilivyobaki wiki iliyopita?"

"Ni vile vile. Hatukuvibadilisha."

Bibi Shamba alicheka, akageuka amsalimie Fundi Rangi. Fundi alikuwa kwenye kigoda chake. Kijiko alikuwa amempa sahani ya jioni.

"Leo ni maharagwe," Kijiko alisema.

Kweli yalifanana na maharagwe. Yaling'aa, yana madoadoa ya kahawia na meupe, mazuri kweli kweli. Fundi Rangi alichota kiganja kizima akakipeleka mdomoni, mashavu yakianza kuvimba.

Kicheko cha Bibi Shamba kilikatika. Alimfikia Fundi kwa hatua ndefu, akamkamata mkono.

"Fundi, fungua kiganja."

"Usiogope, jirani. Najifanya tu."

"Nimekwambia fungua."

Alisema polepole, lakini hata cherehani ilinyamaza. Fundi Rangi alifungua kiganja.

"Hizi ni mbegu za mbarika," alisema Bibi Shamba. "Ni sumu. Mtoto akitafuna chache tu zinaweza kumuua."

Fundi Rangi alicheka kidogo. Alidhani ni zamu yake kutaniwa. Kisha akamtazama usoni yule mama. Akaacha kucheka.

Bibi Shamba alikuwa ameshapiga magoti mbele ya Kijiko. "Mpishi, na wewe umekula maharagwe haya?"

"Sijala," alisema Kijiko. "Nimeonja."

"Umeonja?"

"Mpishi lazima aonje. Baba akionja anasema chumvi imekolea. Na mimi nimeonja chumvi."

"Ulimeza?"

"Nilitafuna. Ganda nikatema."

Mkasi ulianguka barazani. Mama Wakili alikuwa amesimama.

Halafu wote wakaanza kufanya mambo kwa pamoja. Mama alimrukia mtoto, akataka kumtia kidole kooni. "Atapike, atapike."

"Usimtapishe," alisema Bibi Shamba, akamzuia. "Atapaliwa, utamuumiza zaidi."

"Maziwa, basi," alisema Fundi Rangi. "Wakili, kalete maziwa."

"Hakuna maziwa, hakuna mafuta, hakuna dawa ya mtu yeyote. Toeni kilichobaki mdomoni. Asukutue kwa maji, ateme. Kisha hospitali, sasa hivi."

"Lakini mtoto mzima kabisa. Mtazame, anacheka."

"Sumu hii haina haraka, Fundi. Anaweza kucheka sasa, akaanza kuumwa baadaye. Usingoje aumwe ndipo uondoke. Na uvunje tawi la huo mmea, uchukue na mbegu, utie kwenye mfuko. Daktari akiviona hatabahatisha. Usivishike ovyo, na unawe mikono."

Kinyozi wa mtaa alikuwa na gari. Alimwacha mteja wake kwenye kiti, kichwa kimenyolewa upande mmoja, akakimbilia usukani. Gari likagoma kuwaka. Yule mteja akatoka mbio na kitambaa shingoni, akalisukuma. Siku nyingine mtaa mzima ungecheka mpaka ulie. Siku ile hakuna aliyetabasamu.

Hospitali, daktari alifungua mfuko, akaona tawi na mbegu, akaitikia kwa kichwa. "Mmefanya vizuri kuja na hivi," alisema. "Nani aliwaambia?"

"Jirani," alijibu Fundi Rangi.

Daktari akasema mtoto atalazwa. Fundi Rangi alishangaa. Kijiko alikuwa anapiga kitanda kwa kijiko chake, anaimba. Lakini usiku uliposonga, kuimba kulikoma. Tumbo likaanza kumkata. Alitapika, akaharisha, macho yakaingia ndani. Muuguzi akamtundikia dripu kwenye mkono ule ule wa kupikia. Kijiko kikaanguka chini ya kitanda. Mwenyewe hakukiulizia.

Hapo ndipo Fundi Rangi alipoelewa. Kama angengoja aumwe kwanza, wangechelewa.

Walikaa naye. Maji ya dripu yaliingia tone kwa tone. Siku zikapita, tumbo likatulia, macho yakarudi mahali pake. Daktari akasema hatari imepita. Alitafuna mbegu moja tu, akawahishwa. Mama Wakili alilia kwa furaha, akapenga kamasi kwenye kipande cha kitambaa cha gauni la Bibi Shamba kilichobaki mfukoni mwake, bila kujua.

Kijiko alimtazama baba yake kwa muda mrefu.

"Baba, mbona wewe hukuumwa?"

"Mimi?"

"Wewe umekula mengi kuliko mimi. Kila siku unakula."

Fundi Rangi aliganda. Hakuwahi kulifikiria hilo. Kumbe mtoto aliamini. Mama naye aliinua uso, akamtazama mumewe kama ndiyo kwanza amemwona.

"Sikula, mwanangu," alisema. "Nilijifanya."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Hata keki ya udongo?"

"Hata hiyo."

"Ulisema ni tamu."

Kijiko aligeukia ukutani. Mama akaokota kile kijiko cha bati, akakifuta, akampa. Hakukipokea.

Waliporudi nyumbani, Fundi Rangi hakubadilisha hata nguo. Alichukua panga, akaenda moja kwa moja kwenye mibarika. Bibi Shamba alimkuta amekusanya matawi, ana kiberiti mkononi.

"Fundi, weka chini hicho kiberiti. Hiyo yenye maua ya pinki umeichanganya humo?"

"Nimeikata kidogo, ilikuwa inanizuia njia. Ile si tatizo."

"Ile pia ni sumu. Jani, ua, tawi, vyote. Hata moshi wake unadhuru."

Fundi Rangi aliweka kiberiti chini. Alitazama ukuta wote wa maua ya pinki. Alikuwa ameizungushia familia yake sumu kwa mikono yake, tena akaimwagilia maji kila asubuhi.

"Sasa nifanyeje?"

"Vaa glavu na nguo ya mikono mirefu. Ng'oa yote na mizizi. Okota kila mbegu. Chimba shimo refu mbali na watoto na mifugo, uzike. Usichome, na usimpe mbuzi wa mtu."

Walifanya hivyo. Kazi ilipokwisha, uwanja ulibaki mtupu, umejaa mashimo. Fundi Rangi alisimama getini, akafumba jicho moja kama kawaida yake.

"Namwaga zege," alisema. "Kote. Kuanzia geti mpaka jikoni. Zege halina sumu."

"Baba," alisema Wakili.

"Usianze."

"Mwaka jana ulianguka kwenye ngazi. Mbona hukuitupa ngazi?"

Fundi Rangi aligeuka kuitazama ngazi yake.

"Ngazi uliifunga kamba," Wakili aliendelea. "Ukasema ilikaa vibaya, si ngazi mbaya."

"Kesi hii mtoto ameshinda," alisema Bibi Shamba. "Ukimwaga zege, Fundi, watoto watacheza wapi? Barabarani. Huko kuna magari. Na jua likiwaka, hilo zege litakuwa kikaango. Mtoto anahitaji udongo, kivuli na kitu cha kukua. Wewe bustani uliipangia watu wanaopita. Sasa ipangie wanaokaa humu."

"Nitaanzia wapi?"

"Piga magoti."

"Nisali?"

"Hapana. Kazi yako ni ya juu ya ngazi. Kila kitu unakiona kutoka juu. Leo shuka. Tambaa kutoka mlangoni mpaka getini, uone anachoona Kijiko."

Fundi Rangi aliangalia kama kuna majirani. Walikuwepo, wengi tu, na kinyozi ndiye aliyekuwa mbele. Akapiga magoti, akatambaa.

Hakufika mbali. "Mungu wangu," alisema.

Usawa wa macho yake palikuwa na ncha ya waya, ile aliyofungia mimea. Akiwa amesimama hakuwahi kuiona. Ingemwingia mtoto jichoni. Akaendelea. Makopo ya rangi yalikuwa na kingo kali, na rangi kavu ilikuwa inabanduka vipande vipande, vyekundu na vizuri kama pipi.

"Rangi nyingine za zamani zina madini yenye sumu," alisema Bibi Shamba. "Mtoto akila vipande hivyo, vinamharibu ubongo polepole. Hayo makopo si ya kupandia, wala si sahani."

Alifika kwenye pipa la bluu. Ukingo wake ulifika usawa wa kifua cha mtoto. Kando yake palikuwa na tofali, na juu ya tofali palikuwa na alama za nyayo ndogo.

"Kijiko huwa anapanda hapo kuchota maji ya kupikia," alisema Wakili. "Anaingiza kichwa chote."

Fundi Rangi alikaa chini palepale kwenye vumbi. Alishika kichwa. Kinyozi aliondoka bila kuaga, na baadaye alionekana anatafuta mfuniko wa pipa lake mwenyewe.

Kazi ilianza kesho yake. Pipa lilifunikwa kwa mfuniko mzito uliofungwa, likatobolewa chini na kuwekwa bomba. Waya zote zilikatwa. Makopo yakaondoka.

"Sasa muulize mwenyewe," alisema Bibi Shamba. "Bustani ya mtoto haipangwi na mtu mzima peke yake."

Mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango. Tangu atoke hospitali hakukanyaga nje. Kijiko chake kilikuwa dirishani, kimelala.

Fundi Rangi alichuchumaa mbele yake. "Mpishi, jiko lako liwe wapi?"

Kijiko alitazama miguu yake.

"Liwe kule getini?"

Kijiko alitikisa kichwa. Kisha akaonyesha kwa kidevu, chini ya dirisha la jikoni.

"Pale mama ananiona," alisema.

"Mtoto ana akili kuliko sisi," alisema Bibi Shamba. "Sehemu ya kuchezea iwe pale mtu mzima anapoona bila kuamka."

"Na wewe ukija kula," Kijiko alimwambia baba yake, "usinidanganye."

"Sitakudanganya. Cha mchezo nitasema ni cha mchezo. Sitakipeleka mdomoni, hata kwa utani."

Kijiko alimpima kwa macho. Halafu akanyoosha mkono akachukua kijiko chake.

Chini ya dirisha walimchimbia jiko la udongo na mchanga. Walilitengenezea kifuniko cha mbao, maana paka nao wana mahitaji yao. Matuta waliyafanya membamba, mkono wa Kijiko ufike katikati bila kukanyaga mimea. Njia waliipitisha kwa kuzunguka zunguka. Fundi alitaka inyooke.

"Nani anacheza kwenye njia iliyonyooka?" aliuliza Wakili, na hapo hakuna aliyembishia.

Walipanda mchicha, nyanya ndogo, karoti, nanaa na mchaichai wa kunusa. Upande wa ukuta walipanda alizeti. Kisha Bibi Shamba akasimika fito ndefu kwa mviringo, akazifunga pamoja juu, akaacha mlango mdogo. Chini ya kila ufito alipanda maharagwe ya kutambaa. "Yakipanda, hiki kitakuwa kibanda chao," alisema. "Kivuli cha bure."

"Maharagwe?" Mama Wakili alishtuka.

"Haya ni ya kweli. Lakini na haya mabichi hayatafunwi, yanaumiza tumbo mpaka yaive vizuri jikoni. Na nyanya tunakula tunda, si majani. Ndiyo maana mimea peke yake haitoshi, mama. Lazima na sheria iwepo."

Sheria ilikuwa moja, na Wakili ndiye aliyeitangaza kama hakimu: hakuna kitu cha bustani kinachoingia mdomoni kabla ya kumuuliza mtu mzima na kukiosha. Kila mtu alirudia kwa sauti, hata kinyozi aliyekuwa anapita tu.

Mvua zikaja. Alizeti zikampita Fundi Rangi urefu. Maharagwe yakapanda fito mpaka juu, yakashikana, kibanda kikawa kijani chote. Watu wanaokwenda sokoni wakaanza tena kusimama. Safari hii walisikia na kelele za watoto ndani ya majani bila kuwaona, wakashtuka, halafu wakacheka.

Jioni moja Fundi Rangi alirudi amechoka hasa. Alipiga magoti, akaingia kibandani kwa kutambaa. Kijiko alikuwa amemwandalia kigoda na kibakuli. Ndani yake palikuwa na vijiwe vidogo kwenye tope.

"Karibu, mteja. Supu."

Uchovu ni kitu kibaya. Mkono wa Fundi ulikumbuka mambo ya zamani. Uliinua kibakuli, mashavu yakaanza kuvimba yenyewe.

Kijiko alimkamata mkono kwa mikono yake miwili. Macho yalikuwa yamemtoka.

"Baba. Hiyo ni ya mchezo. Haiendi mdomoni."

Fundi Rangi alishtuka mpaka supu ikammwagikia kwenye ovaroli. Alimtazama mwanawe. Alikuwa ameshikwa barabara, kama vile Bibi Shamba alivyomshika siku ile.

"Samahani, mpishi. Ni kweli. Ni ya mchezo."

"Ya kweli ni hii," alisema Kijiko. Akatoa nyanya ndogo nyekundu kutoka mfukoni. "Nimemuuliza mama. Tumeiosha."

Fundi Rangi aliitia mdomoni, akatafuna polepole. Kijiko alikuwa amemsogelea kabisa, anamchungulia koo.

"Umemeza?"

"Nimemeza."

"Kweli?"

Fundi Rangi alifungua mdomo wazi, akainua ulimi. Kijiko alikagua kushoto, akakagua kulia, akaridhika.

"Haina chumvi," alisema baba.

Kijiko alicheka mpaka akakaa kwenye supu.